Pampu Mgongoni, Dhamana ya Nani?

Ngoingwa kuna nyasi nyingi kuliko watu wenye muda wa kuzitunza. Mtaa huu, ulio upande wa barabara inayotoka Thika kuelekea Mang'u, umejaa viwanja vya futi 50 kwa 100, kila kimoja na geti lake, ukuta au ua wa miti, tangi la maji, na mbele ya nyumba kipande cha nyasi ambacho mwenyewe hukitazama vizuri Jumapili tu. Siku nyingine yuko kazini, Thika mjini au Nairobi. Nyasi zikivamiwa na sangari, viwavi au magugu ya majani mapana, huitwa mtu. Mtu huyo huja na pampu ya mgongoni, mara nyingi ya kuazima au ya kukodi, hupewa chupa ambayo mwenye nyumba ameinunua kwenye duka la agroveti, hupiga dawa, hulipwa, huondoka.

Katika mpangilio huo aliyeichagua dawa hayupo inapomwagwa, na anayeimwaga hakuichagua. Mwenye pampu ni mtu wa tatu. Muuzaji, wa nne, hajui nyasi hizo zina ukubwa gani wala kama kuna kuku nyuma ya nyumba. Mawaidha ya usalama kwa kawaida humwendea yule mwenye mzigo mgongoni: vaa glavu, usivute sigara, nawa mikono. Ni maneno ya kweli. Lakini ukiifuata kazi yenyewe tangu dukani, utaona kwamba mengi yanayoamua kama kibarua atarudi kwake mzima yalikwisha kuamuliwa kabla hajaingia getini, na aliyeyaamua ni mwenye nyumba.

Tuanze na chombo. Pampu ya kawaida hubeba lita 16 au 20. Ya lita 20 ikijaa hukaribia kilo 25, na uzito huo wote umeegemea mgongo, mahali ambapo mbebaji haoni. Kifuniko kikiwa kimepoteza mpira wake wa kuziba, kila anapoinama dawa humwagika shingoni na kuteremka hadi kwenye suruali. Mwaka 1971 Howard Maibach na wenzake, huko California, walichapisha vipimo vya jinsi ngozi ya binadamu inavyofyonza parathion, sumu ya wadudu iliyotumika sana wakati huo. Kwenye kigasha ilipenya takriban asilimia 9, kwenye ngozi ya kichwa takriban asilimia 32, na kwenye korodani karibu yote. Dawa za leo si parathion, ila ngozi ni ile ile. Anayejifunga kitambaa puani huku suruali yake imelowa amefunga dirisha akaacha mlango wazi.

Siku hizi pampu za betri zimeenea. Zinamwondolea mtu kazi ya kupiga mkono wa pampu bila kukoma, na kwa hilo zimewafaa wengi. Lakini shinikizo lake haliishi mtu anaposimama kupumzika. Mpira uliochakaa ukipasuka, dawa hutoka kwa nguvu mpaka swichi izimwe, na katika nyingi swichi hiyo iko chini ya tangi, nyuma ya kiuno, ambapo mkono wenye glavu iliyolowa huitafuta kwa kupapasa.

Hilo la mpira kupasuka si jambo la kubahatisha. Dewayne Johnson alikuwa mtunza viwanja wa shule katika mji wa Benicia, California, akipuliza dawa ya magugu yenye glyphosate kwa kazi yake ya kila siku. Vifaa vyake viliharibika kazini na dawa ikamlowesha. Alipougua saratani aliishtaki kampuni ya Monsanto, na mwaka 2018 baraza la mahakama mjini San Francisco liliamua alipwe dola milioni 289, kiasi ambacho mahakama zilikipunguza hatua kwa hatua hadi dola milioni 20.5 mwaka 2020. Dunia inaikumbuka kesi hiyo kwa ubishi wa kitaalamu: mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilisema glyphosate yumkini husababisha saratani, na mamlaka ya mazingira ya Marekani ikashikilia kwamba haielekei kuwa hivyo. Ubishi huo waachiwe wenye maabara. Mimi ninachokiona kwanza katika kesi ile ni kifaa kilichoharibika kikiwa kimejaa dawa.

Jaribio la kuigundua pampu mbovu ni la bure. Pampu ijazwe maji matupu, ifungwe, ipandishwe shinikizo, ivaliwe, na mtu ainame nayo na kuzunguka dakika chache. Ikivuja maji itavuja dawa. Nozeli itoe umbo kamili: bapa, kama ni ya dawa ya magugu, au duara lenye uwazi katikati, kama ni ya wadudu na ukungu. Kifyatulio kikiachwa, maji yakatike papo hapo bila kudondoka. Mwenye nyumba anaweza kulisimamia jaribio hili akiwa amevaa nguo zake za kazini, bila kushika chochote. Pampu ikishindwa, kazi iahirishwe. Sijui neno jingine la kuongeza hapo.

Nozeli ikiziba katikati ya kazi, desturi iliyozoeleka ni kuifungua, kuiweka mdomoni na kuipuliza. Ni njia ya haraka zaidi ya kula dawa. Kuichokoa kwa waya nako hupanua tundu, na tundu lililopanuka humwaga dawa zaidi ya ile iliyokusudiwa bila mtu kujua. Kopo la maji safi na mswaki wa zamani vinatosha, vikae karibu tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo nyasi za nyumbani zinapotofautiana na shamba. Lebo nyingi zimeandikwa kwa hekta au kwa pampu ya lita 20. Mwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 ana mita za mraba zipatazo 464, na ukiondoa nyumba, gari, njia na bustani ya mboga, nyasi zinazobaki aghalabu ni mita 100 au hata pungufu. Dawa inayotakiwa lita 3 kwa hekta inakuwa mililita 30 kwa mita hizo 100. Mililita 30 ni vijiko viwili vikubwa. Kibarua aliyezoea shamba la kahawa hujaza pampu nzima, akipima dawa kwa kifuniko cha chupa kwa kukadiria, hupuliza nyasi, na kwa kuwa lita kadhaa zimebaki na hawezi kuondoka nazo, huzipitisha tena juu ya nyasi zile zile au kuzimwaga kwenye mtaro. Mara mbili ya dawa kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pima mita 10 kwa 10, tia maji matupu hadi alama unayoijua, puliza eneo hilo kwa mwendo wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Yakiwa lita 3, basi kwa mita 100 unahitaji lita 3 za mchanganyiko, na ndani yake ile mililita 30. Hakuna haja ya kujaza tangi. Anayebeba lita 3 badala ya 20 amepunguziwa mzigo, ameondolewa tatizo la mabaki, na mwenye nyumba ameokoa pesa. Kati ya yote nitakayoyataja, hili la kupima ndilo lenye faida kubwa kwa jasho dogo, na ndilo linalofanywa kwa nadra.

Kipimo kiwe kikombe chenye alama, kisichorudi jikoni kamwe. Kuchanganya ndiko kwenye hatari kuliko kupuliza, kwa kuwa chupa ina dawa ambayo bado haijazimuliwa; tone moja kutoka humo ni sawa na matone mengi ya kutoka kwenye pampu. Glavu za mpira mzito, si zile nyepesi za hospitali, na miwani ya kukinga macho vina kazi zaidi wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Maji nusu kwanza, dawa baadaye, kisha maji yaliyobaki. Mpira wa bomba usitumbukizwe ndani ya tangi: shinikizo la maji likikatika, na Thika maji hukatika, dawa inaweza kunyonywa kurudi kwenye mabomba ya nyumba.

Kuhusu mavazi nitapita haraka kwa sababu yanajulikana: mikono mirefu, gambuti zilizofunikwa na suruali kwa nje ili dawa isiteremkie ndani, kofia, glavu. Nguo zifuliwe peke yake, si kwenye beseni moja na za mtoto. Lakini ipo imani moja isiyopaswa kupitwa haraka. Katika mitaa na mashamba ya Kenya mpulizaji hupewa pakiti ya maziwa baada ya kazi ili yaondoe sumu. Maziwa ni chakula kizuri. Hayaiondoi dawa iliyopita kwenye ngozi, na dawa nyingi za wadudu huyeyuka katika mafuta. Ubaya wa imani hii ni kwamba humtuliza aliyeitoa pakiti. Akishatoa maziwa anahisi ametimiza wajibu wake, na pesa za glavu zinabaki mfukoni.

Dalili zijulikane na wote wawili. Jasho jingi, mate, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka, kutapika: hizi ni alama za dawa za wadudu za jamii ya organofosfati, na hospitali ina atropini ya kuzikabili. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe Thika Level 5 au hospitali iliyo karibu, na chupa yenye lebo iende pamoja naye. Paraquat ni habari nyingine. Haina kiuasumu, mafunda machache huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Kwa maoni yangu haina nafasi katika ua wa nyumba yoyote, iwe na kibali au isiwe nacho.

Upepo nao una mambo yake. Uwanja wa Marekani unaoandikiwa maelekezo mengi ya kazi hii una jirani aliye mbali, naye pia ana nyasi. Ngoingwa jirani yuko nyuma ya ukuta, na kilichoko kwake ni sukuma wiki, nyanya, nguo kwenye kamba, kuku, na paa linalokusanya maji ya mvua. Dawa ya magugu ya 2,4-D, inayoua majani mapana na kuacha nyasi, hukunja na kuharibu nyanya kwa kiasi kidogo mno kinachopeperuka. Majani husokotana na jirani haelewi ni ugonjwa gani. Asubuhi kabla ya jua kali ni bora kuliko alasiri, lakini hewa iliyotulia kabisa alfajiri nayo si salama, kwa maana matone madogo huelea na kusogea kwa pamoja badala ya kutua. Upepo mwepesi unaojulikana unakoelekea ndio mzuri. Nozeli iwekwe chini, karibu na nyasi, na shinikizo lisizidi, kwa sababu shinikizo kubwa huzaa matone madogo, nayo ndiyo yanayosafiri. Dawa ya wadudu ipulizwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Na jirani aambiwe mapema. Kubisha hodi hakuhitaji leseni.

Pampu iliyopiga 2,4-D jana isitumike leo kwenye nyanya au waridi. Kusuuza mara tatu kwa sabuni, pamoja na mpira na nozeli, hupunguza mabaki ila hakuyamalizi kila mara. Njia ya uhakika ni pampu mbili zenye rangi tofauti. Kwa pampu ya kukodi, ambayo hujui wiki iliyopita ilikuwa na nini, hii ni sababu tosha ya kuikataa.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya utunzaji wa nyasi kutoka ng'ambo hulitaja kwa sentensi moja na ambalo kwetu ni kubwa: nyasi zikikatwa haziendi kwenye jaa. Zinakwenda kwa ng'ombe. Pembezoni mwa Thika wapo wengi wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa katika banda, au sungura, na nyasi za jirani ni malisho ya bure. Aliyepuliza Jumanne hakumwambia anayefyeka Ijumaa, na anayefyeka hakumwambia anayebeba gunia. Lebo huonyesha siku ngapi zipite kabla ya kulisha mifugo. Zisipoonyeshwa, nyasi zisilishwe. Baadhi ya dawa za magugu hupita tumboni mwa ng'ombe na kubaki kwenye samadi. Uingereza, mwaka 2008, bustani nyingi za mboga ziliharibiwa na samadi yenye aminopyralid, hata mauzo ya dawa hiyo yakasimamishwa kwa muda. Kibao cha mbao chenye tarehe, kilichochomekwa kwenye nyasi, kingeziba pengo hili. Watoto nao wangekiona.

Mbolea haiogopwi, na huenda ndiyo sababu hutumiwa ovyo. Ngoingwa humwagwa kwa mkono kutoka kwenye karai. Mbolea ya CAN ina nitrojeni asilimia 26 hivi, na nyasi zinazokua vizuri hutosheka na gramu 5 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa mara moja. Hiyo ni chini kidogo ya gramu 20 za CAN, yaani kilo 2 kwa mita 100. Mfuko wa kilo 50 ungetosha nyumba 25 za namna hiyo! Anayemaliza nusu mfuko kwenye kiwanja kimoja huziunguza nyasi, kisha mvua za Machi hadi Mei husomba kilichobaki hadi kwenye mitaro iteremkayo mitoni.

Vigari vya kusukuma vya kusambaza mbolea vimeanza kuonekana kwa kampuni za bustani. Ni vyombo vizuri vyenye masharti machache. Kijazwe juu ya sakafu, si juu ya nyasi, ili kinachomwagika kizolewe. Tundu lifunguliwe mtu akiwa tayari anatembea na lifungwe kabla hajasimama. Kipimo kigawanywe mara mbili, nusu ikielekea upande mmoja na nusu ikikata njia ya kwanza, ili pasibaki mistari. Chenye sahani inayozunguka hurusha chembe mita kadhaa, kwa hiyo ukingoni mwa kisima, mtaro au bustani ya mboga kitumike kile kinachodondosha moja kwa moja chini. Chembe zilizorukia kabro zifagiliwe zirudi kwenye nyasi, zisioshwe kwa maji. Kwenye vigari vya injini, mkono usiingie tangini sahani ikizunguka, hata kama mbolea imeganda.

Na kama chembe hizo ni za dawa ya wadudu, suala hubadilika kabisa. Kuku hudonoa kila kilicho kidogo na kigumu. Marekani ilipiga marufuku diazinon kwenye viwanja vya gofu mwaka 1988 baada ya bata bukini kufa kwa makundi, na nyasi za nyumbani zikafuata mwishoni mwa 2004. Hapa Kenya, Furadan, iliyokuwa ikiuzwa kwa punje, ilitumiwa kuulia simba, na tai waliokula mizoga wakafa pamoja nao. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza, FMC, ikaanza kuinunua upya kutoka madukani. Mwenye kuku asimwage punje za sumu uani. Sioni namna ya kulilainisha hilo.

 

Sheria ipo. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ya mwaka 1982 iliunda bodi ya PCPB, inayosajili dawa na kutoa leseni. Kila chupa halali ina nambari inayoanza na PCPB(CR), ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, kutoka nyekundu hadi kijani, na maelekezo kwa Kiingereza na Kiswahili, ingawa Kiswahili chake mara nyingi huhitaji miwani na mwanga wa jua. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa sokoni bidhaa 77 na kuziwekea nyingine nyingi vikwazo, kwa hiyo chupa iliyokaa stoo tangu zamani ihakikiwe kwanza. Dawa iliyogawanywa kwenye chupa ya soda bila lebo ni haramu, hata muuzaji awe rafiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kujikinga. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba hajioni kuwa mwajiri. Amemwita mtu wa kazi ya saa moja. Afisa wa ukaguzi naye haingii kwenye nyua za watu Jumamosi asubuhi. Ndiyo maana wajibu huu, usipobebwa na mwenye geti, haubebwi na yeyote.

Naye ana uamuzi mmoja unaotangulia yote, ule wa kutopuliza. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu na leo zimetapakaa hadi Australia na Hawaii, zikiachwa na urefu wa sentimita 4 au 5 hufunika udongo na kuyanyima magugu mwanga. Zikinyolewa hadi udongo uonekane, magugu hushukuru. Sangari ikiingia, dawa inayoiua, yaani glyphosate, huua na nyasi zenyewe. Jembe la meno na uvumilivu wa kufuata mizizi hufanya kazi safi zaidi. Viwavi vikishukiwa, vijiko viwili vya sabuni ya vyombo katika lita 4 za maji, vikamwagwa kwenye mita moja ya mraba, huvifanya vipande juu kwa dakika chache uvihesabu. Visipopanda, tatizo ni jingine, labda ukame tu, na chupa haikuhitajika.

Ombi langu ni kwa wewe mwenye nyumba. Jaribio la sabuni likikuonyesha viwavi na ukaamua kupiga dawa, nunua glavu na miwani pamoja na ile chupa, pima nyasi zako kwa hatua au kwa futi kamba, mwambie jirani, na uwepo pampu inapojaribiwa kwa maji. Usipoweza kuwepo, mwombe mtu wako aje siku nyingine.